Tano kwa Mbili Si Mbili na Nusu

Kimya changu kisiwatie wasiwasi, ni kazi tu na hizi zamu za usiku. Leo nina mapumziko, nje kuna manyunyu yale yasiyokoma, nikaona bora nikae nijibu swali ambalo limenifikia kutoka kwa watu zaidi ya mmoja. Kwa nini huku Uingereza odi za kubeti zinaandikwa 5/2, 11/8, 100/30, wakati huko kwetu zinaandikwa 3.50, 2.38, 4.33? Na ukiona 5/2, si ndiyo 2.50, maana tano ukigawa kwa mbili unapata mbili na nusu?

Hapana. Tano kwa mbili ni tatu na nusu. Kuna kijana mmoja wa ukoo wetu (simtaji, anajijua) alikaribia kushikana mashati na wenzake kijiweni kwa jambo hilo, akisisitiza kwamba hesabu ni hesabu hata ukivuka bahari. Hesabu ni hesabu kweli, lakini kinachohesabiwa sicho kile kile, na hapo ndipo historia inapoingia.

Kabla sijaendelea: Mama, ukisomewa haya ujue mimi sibeti. Nasimulia tu. Duka la kubeti liko pale ninapongojea basi, nalisoma lile bango la dirishani kila siku kama wengine wanavyosoma gazeti, basi.

Sasa turudi nyuma kwa mabwana wenye farasi. Uingereza ya karne ya 18, tajiri mmoja ana farasi wake, tajiri mwingine ana wake, wanakutana Newmarket kubishana nani zaidi. Kama farasi wanalingana, kila mmoja anaweka gini mia mezani, atakayeshinda anazoa zote. Lakini kama mmoja anajulikana kuwa ni mwepesi zaidi, mwenye farasi dhaifu hakubali kuweka sawa. Ndipo wanapatana: "Mimi naweka tano, wewe weka mbili." Hiyo ndiyo 5/2. Kile kimstari cha mshazari hakisomwi "gawanya kwa", kinasomwa "kwa". Ni mafungu mawili ya fedha yaliyowekwa mezani, fungu langu na fungu lako. Ukishinda unachukua yote mawili, yaani saba. Saba ukiigawa kwa mbili zako ulizoweka, unapata 3.50. Na hiyo ndiyo namba inayoandikwa huko nyumbani.

Kwa hiyo Mwingereza anakwambia utaongezewa nini juu ya hela yako. Mtindo wa desimali unakwambia utaondoka na nini mkononi, hela yako ikiwa ndani yake. Ndiyo maana kuvuka kutoka huku kwenda huko ni kugawanya halafu kuongeza moja, na ile moja ni dau lako mwenyewe linalorudi nyumbani.

Mwanzoni watu walibetiana wao kwa wao, na mara nyingi ilikuwa farasi mmoja dhidi ya wengine wote. Anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kubadilisha mambo ni Harry Ogden, pale pale Newmarket, miaka ya 1790. Yeye alitoa bei kwa kila farasi, kila mmoja na odi yake, akaandika madau yote kitabuni. Ujanja wake ulikuwa kwenye kitabu chenyewe. Akizipanga zile bei vizuri, farasi yeyote atakayeshinda, yeye anabaki na kitu. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya mpokea dau, na mpaka leo kwa Kiingereza jina la kazi hiyo lina neno kitabu ndani yake.

Pale London kulikuwa na Tattersalls, mnada wa farasi ulioanzishwa na Richard Tattersall mwaka 1766 karibu na Hyde Park Corner. Wakubwa waliokuja kununua farasi wakapata na chumba chao cha kubetiana na kulipana madeni. Wapokea dau wakubwa walifikiri kwa mamia, si kwa moja moja. Hawakusema "kumi na mbili na nusu kwa moja", walisema "mia kwa nane": nakuwekea paundi 100, wewe weka 8. Ukisoma magazeti ya Kiingereza ya karne ya 19 utakuta mia kwa sita, mia kwa saba, hata elfu kwa thelathini. Ile 100/30 iliyowashangaza wengi wenu ni masalia ya familia hiyo. Mwenye akili ya shuleni angeiandika 10/3, lakini hakuna anayethubutu kuigusa.

Halafu kuna sababu ya pili, nayo ni sarafu zao, na hapa wazee wetu mtanielewa haraka kuliko vijana. Paundi ya Kiingereza ya zamani ilikuwa na shilingi 20, kila shilingi ina peni 12, kwa hiyo paundi nzima ni peni 240. Kwa mtu wa leo hayo ni mateso. Lakini 240 ni namba yenye ukarimu: inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10, 12 bila kubakiza kitu. Walikuwa na sarafu ya shilingi mbili na peni sita, yaani peni 30, ambayo ni sehemu moja ya nane ya paundi kamili. Sasa tazama odi ya 13/8. Kwetu inaonekana kichaa. Kwa Mwingereza wa mwaka 1950 aliyeweka paundi moja ni rahisi mno: faida yake ni sarafu hizo kumi na tatu, yaani paundi 1, shilingi 12 na peni 6. Hata aliyeweka shilingi moja tu alipata shilingi moja na peni saba na nusu, na sarafu ya nusu peni ilikuwepo. Hakuna kilichobaki hewani. Jaribu 13/8 kwenye fedha ya senti mia uone: moja nukta sita mbili tano, ile tano ya mwisho unampa nani?

Msiwacheke lakini, maana hata sisi tunazo. Wazee wa pwani wakiita senti hamsini "sumni" au "thumni", neno hilo ni la Kiarabu na maana yake ni sehemu moja ya nane. Na robo tunaijua wote, kuanzia robo ya sukari. Kugawa vitu kwa nusu, nusu ya nusu, na nusu ya nusu ya nusu ni desturi ya sokoni ya tangu enzi, kabla ya desimali kuja na ubwana wake.

Tena sisi tuliachana na hesabu hizo mapema kuliko Waingereza wenyewe! Tanganyika ya Mjerumani ilitumia rupia yenye pesa 64 mpaka mwaka 1904, ndipo wakaigeuza kuwa ya heller 100. Hiyo heller ndiyo iliyotuachia neno "hela". Yaani kila mkisema hamna hela mnautaja mfumo wa desimali bila kujua. Alipokuja Mwingereza, akaleta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, nayo akaipa senti 100. Kwao akaendelea na peni zake 12 kwa miaka hamsini zaidi, mpaka tarehe 15 Februari 1971. Mtu anakuletea kitu rahisi, mwenyewe anabaki na kigumu. Sijui tumwiteje.

Ukitaka kuona mabadiliko hayo kwa macho, angalia washindi wa Grand National, yale mashindano makubwa ya farasi ya pale Aintree, Liverpool, ambayo hata bibi asiyebeti mwaka mzima huku anaweka chochote. Mwaka 1965 alishinda Jay Trump kwa 100/6. Mwaka 1968 Red Alligator kwa 100/7. Mwaka 1969 Highland Wedding kwa 100/9. Halafu mwaka 1970 Gay Trip anashinda kwa 15/1, na mwaka 1971, wiki chache baada ya fedha mpya kuingia, Specify kwa 28/1. Zile mia kwa sita na mia kwa saba zikatoweka. Zikabaki namba nzima zinazokaribiana nazo, 16/1 na 14/1, na 33/1 ambayo ni mia kwa tatu iliyokatwa mkia. 100/30 peke yake ilikataa kuondoka, kama mpangaji asiyelipa kodi.

Jambo la ajabu ni kwamba fedha ilibadilika lakini sehemu hazikubadilika. 11/8, 13/8, 15/8 zipo mpaka leo, miaka zaidi ya hamsini baada ya sarafu zilizozibeba kuyeyushwa. Na wanaandika 6/4, si 3/2, japo ni kitu kile kile. Ukiuliza watakuangalia kama umeuliza kwa nini mvua inaanguka chini. Lakini ina mantiki: jirani zake ni 5/4 na 7/4, kwa hiyo ukiiacha kwenye robo unaona mara moja imekaa katikati yao. Mtu anayesoma ubao haraka, farasi wako mlangoni, hana muda wa kurahisisha sehemu.

Haraka hiyo ilizaa lugha yake. Kwenye viwanja vya mbio walikuwepo watu waliovaa glavu nyeupe, wamesimama juu ya masanduku, wakipeleka bei kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine kwa ishara za mikono. Waliitwa tic-tac. Kugusa kifundo cha mkono ni 5/4, kugusa sikio ni 6/4, kugusa bega ni 7/4. Majina nayo yalikuwa na vituko: 4/1 waliita "rouf", ambayo ni nne ya Kiingereza iliyogeuzwa nyuma mbele (sawa na vijana wetu wanavyogeuza maneno), na 100/30 ilikuwa "Burlington Bertie" kwa sababu ya vina. Mtangazaji John McCririck, aliyefariki mwaka 2019, ndiye aliyezifanya ishara hizo zijulikane kwenye televisheni. Simu za mkononi na intaneti ndizo zilizowaua hao tic-tac. Bei sasa inafika kabla ya mkono kuinuliwa.

Mtadhani basi kubeti huku kulikuwa huru siku zote. La! Sheria ya mwaka 1845 ilisema deni la kamari halidaiwi mahakamani. Sheria ya mwaka 1853 ikafunga nyumba za kubetia. Ya mwaka 1906 ikapiga marufuku kubeti mitaani. Lakini tajiri aliyekuwa na akaunti ya mkopo aliendelea kubeti kwa barua na simu, kisheria kabisa. Aliyekamatwa ni mfanyakazi wa kiwandani mwenye shilingi yake. (Haya ya sheria kuwa na macho kwa maskini tu hayakuanzia kwetu.) Basi kila mtaa ukawa na mtu wake wa kukusanya madau, anapita viwandani na kwenye vilabu vya pombe, watu wanampa vikaratasi vyenye majina ya bandia ili polisi wakivikamata wasijue ni vya nani. Wengine walibeba mfuko wa ngozi wenye saa kwenye kufuli, ukifungwa saa inasimama, ili isiwezekane mtu kutumbukiza karatasi baada ya mbio kwisha.

Maduka yaliruhusiwa kufunguliwa tarehe 1 Mei 1961, kutokana na sheria ya mwaka 1960, tena kwa masharti kwamba yasivutie watu. Televisheni haikuruhusiwa ndani mpaka mwaka 1986. Na ndani ya maduka hayo kulikuwa na fundi ambaye leo hayupo tena, yaani mkokotozi. Kazi yake ni kukaa nyuma na kalamu, kukokotoa kila karatasi iliyoshinda. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu wa hapa hapa, aliifanya kazi hiyo ujanani. Ananiambia walikuwa na vitabu vya majedwali, unaangalia bei upande mmoja na dau upande mwingine, unasoma jibu. Lakini mteja akileta Yankee, yaani farasi wanne waliounganishwa kwa kila njia, wawili wawili mara sita, watatu watatu mara nne, na wote wanne mara moja, jumla madau 11, basi kitabu hakitoshi. Kabla ya kuzidisha sehemu, kila moja lazima uiongezee moja kwanza. 6/4 inakuwa 2.5, 13/8 inakuwa 2.625, 11/4 inakuwa 3.75, ukizidisha zote tatu ni 24.61 hivi. "Kichwani tulikuwa tunatumia desimali siku zote," alisema, "tulikuwa tunazificha tu." Sentensi hiyo naipenda mno, nimewaletea kama ilivyo.

Desimali yenyewe tuitafute Ufaransa. Miaka ya 1860 kulikuwa na bwana mmoja mzaliwa wa Katalunya aitwaye Joseph Oller (huyu huyu ndiye aliyeshiriki kuanzisha ukumbi wa Moulin Rouge mwaka 1889), akaleta wazo la kwamba wabetiji wasibetiane na mpokea dau bali wao kwa wao kupitia chungu kimoja. Hela zote zinaingia chunguni, mwenye chungu anakata chake, kinachobaki wanagawana waliochagua mshindi. Kama mchezo wa upatu, ila wanaopokea ni waliochagua mshindi tu na hakuna zamu. Serikali ya Ufaransa ikauhalalisha mtindo huo viwanjani kwa sheria ya Juni 1891, maana chungu ni rahisi kukikata kodi.

Sasa fikirini. Kwenye chungu hakuna "mimi naweka tano wewe weka mbili". Hela yako imeshachanganyika na za wengine. Kinachotangazwa mwishoni ni kwamba kila faranga moja imezaa faranga kadhaa, ile yako ikiwemo. Hiyo ndiyo mantiki ya desimali, ya kuangalia kinachotoka chunguni. Na kwa sababu chungu hakigawanyiki kwa nane wala kwa robo kwa kukuonea huruma, jibu linakuja na nukta zake.

Kuhesabu chungu kikubwa kwa mkono ni balaa, na dawa ilitoka mbali. George Julius alibuni mashine akiwa Australia, kwanza kwa ajili ya kuhesabu kura. Serikali haikuitaka. Akaigeuza ihesabu madau, ikafungwa kwenye uwanja wa Ellerslie, Auckland, New Zealand mwaka 1913. Mashine ya kura ikaishia kwenye farasi, nawaachia wenyewe utani huo mmalizie.

Mwaka huo huo wa 1913 Marekani, kwenye Kentucky Derby ambako mashine za chungu zilikuwa zimechukua nafasi ya wapokea dau tangu mwaka 1908, farasi aitwaye Donerail aliwashangaza watu. Wamarekani wao hutangaza malipo kwa kila dola mbili, na Donerail alilipa dola 184.90. Gawa kwa mbili: 92.45. Hiyo ndiyo desimali yake. Toa ile moja yako: 91.45 kwa moja, na ndivyo vitabu vyao vinavyoandika mpaka leo. Farasi mmoja, ushindi mmoja, namba tatu tofauti, zote za kweli.

Mfano mwingine mtamu ni wa Foinavon, Grand National ya mwaka 1967. Kwenye kiunzi cha 23 farasi walirundikana, wakaangukiana, waliokuwa mbele wakazuiwa, na huyu aliyekuwa nyuma kabisa akapata upenyo akapita peke yake. Wapokea dau walilipa 100/1. Chungu cha Tote kililipa 444/1. Kwa lugha ya mkeka wa nyumbani, 101 na 445. Tofauti hiyo ilitokana na kwamba mpokea dau anapanga bei yake mapema na anajilinda, chungu hakijui kujilinda. Waliomchagua walikuwa wachache, basi wakagawana minofu.

Nije kwa Wamarekani na alama zao za kujumlisha na kutoa, maana mjomba wangu aliyeko Texas ananitumia picha za namba kama -150 na +250 nadhani kwa kunikomoa tu. Wao kwenye michezo ya timu wanasimama kwenye dola mia. Ukiona +250, maana yake weka mia upate faida ya 250. Ukiona -150, maana yake unatakiwa kuweka 150 ili upate faida ya mia. Yenye alama ya kutoa ni timu inayotarajiwa kushinda. Kwa hiyo +250 ni 5/2, ni 3.50. Na -150 ni 4/6 ya Waingereza, ni 1.67. Kwa wanaotaka kukokotoa: yenye kujumlisha igawe kwa mia, ongeza moja, yenye kutoa, chukua mia uigawe kwa namba hiyo, ongeza moja. Sawasawa kabisa, mia kwa mia, ni +100, ni 1/1, ni 2.00. Sheria yao ya mwaka 1992 iliyazuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezo, Nevada ikabaki karibu peke yake, mpaka Mahakama Kuu yao ilipoifuta Mei 2018. Tangu hapo zile alama zimejaa kila tangazo.

Sasa, desimali ilirudije Uingereza na ikafikaje mpaka kwenye simu yako wewe uliyeko Mbagala? Intaneti. Mwaka 2000 Andrew Black na Edward Wray walifungua Betfair, soko ambalo watu wanabetiana wao kwa wao kama wale mabwana wa Newmarket, ila kwa kompyuta, na bei zake zikaandikwa kwa desimali kuanzia 1.01 hadi 1000. Sababu inaeleweka. Ngazi ya zamani ya sehemu inaruka, kutoka 2/1 unakwenda 9/4, labda kwa wachache 85/40 katikati. Desimali inakwenda 3.00, 3.05, 3.10, 3.15, bila kuhitaji sikio wala bega. Pia mwaka uliofuata, Oktoba 2001, serikali iliondoa ile kodi ambayo wateja walikuwa wakikatwa asilimia 9 dukani, kwa hofu kwamba wateja wote wangehamia kwenye kampuni za ng'ambo. Kampuni za Bara la Ulaya zilikuwa kwenye desimali tayari, na programu zilizosambaa duniani zikaja hivyo hivyo. Kwetu, M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, SportPesa ikaja mwaka 2014, Tanzania nayo ikawa na kampuni zake chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyotokana na sheria ya mwaka 2003. Mkeka wa simu ukazaliwa ukiongea desimali. Hatukuwahi kupita kwenye 13/8.

Na mkeka ndio mahali pazuri zaidi pa desimali, kwa sababu unazidisha tu. 1.50 mara 2.00 mara 1.80 ni 5.40, shilingi elfu yako inakuwa 5,400. Hakuna mkokotozi. Lakini urahisi huo ndio unaonikosesha usingizi nikiwafikiria wadogo zangu, na naomba mnivumilie aya moja ya hesabu.

Chukua moja, igawe kwa odi ya desimali, unapata nafasi ambayo mwenye duka anadai ipo. 2.00 ni asilimia 50. 4.00 ni 25. Sasa chukua mechi moja, jumlisha nafasi zote tatu. Tuseme nyumbani 2.40, sare 3.20, ugenini 2.90. Inakuja asilimia 41.67, na 31.25, na 34.48. Jumla 107.4. Dunia ina asilimia mia tu, hizo saba zimetoka wapi? Ndicho kile kitabu cha Ogden. Ndicho chakula cha mwenye duka. Kwa Wamarekani utakikuta kwenye -110 pande zote mbili, yaani 10/11 kwa Waingereza, 1.91 kwetu: timu mbili zinazolingana kabisa, lakini hakuna hata moja inayolipa 2.00. Odi ikiandikwa kwa sehemu, kuziona saba hizo ni kazi ya mkokotozi. Kwa desimali anaweza kuziona yeyote mwenye simu. Na bado haangalii mtu, anaangalia jumla ya chini ya mkeka tu!

Na mkeka unazizidisha. Tuseme kila mechi ungestahili 2.00 na unapewa 1.90. Mechi moja umekatwa senti tano kwa kila shilingi. Mechi kumi, 0.95 mara yenyewe mara kumi ni karibu 0.60. Umeshaacha senti arobaini mlangoni kabla refa hajapuliza. Sisemi mtu afanye nini, kila mtu ana mfuko wake. Ila nilipomtumia hesabu hii yule kijana wa kijiweni alikaa kimya siku mbili, halafu akajibu "kwa hiyo niweke mechi ngapi?" Teh teh teh.

Jambo moja nisilisahau. Huko Hong Kong wana mtindo wao wa desimali unaotaja faida peke yake, bila dau. Kwao 5/2 inaandikwa 2.50. Kwa hiyo kijana wetu angebishana kijiwe cha Hong Kong angewashinda wote. Odi za Kimalesia zingeiandika -0.40, yaani unahatarisha senti 40 kupata moja, na za Kiindonesia +2.50. Hayo nimeyaweka kwa ajili ya wale wenye kupenda kubishana, wapate silaha mpya.

Na kwa wapenzi wa mpira, mwisho. Mwanzoni mwa msimu wa 2015/16 Leicester City walipewa 5000/1 kuchukua ubingwa wa Uingereza. Desimali yake 5001. Ya Kimarekani +500000. Nafasi yake, kwa hesabu ile ya juu, ni asilimia 0.02. Tarehe 2 Mei 2016 wakawa mabingwa. Wapo waliokuwa na karatasi zile lakini walishaziuza kwa mwenye duka msimu ukiwa bado unaendelea, kwa kuogopa, wakapata sehemu ndogo. Jirani yangu mkokotozi anawajua watu wawili wa namna hiyo na anasema wakikutana kwenye basi hawaongei mpira.

Haya, chai imepoa. Shangazi, zile dawa za mgongo nimezipata, anakuja mtu mwezi ujao nitampa. Wengine, maswali yenu leteni hapo chini.